Asilimia 50 ya Samburu: ukame, mimba za wasichana na utafiti uliokosa wa kuulipia

Mwaka 2014, Utafiti wa Kidemografia na Afya wa Kenya, KDHS, ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa kaunti ya Samburu, kaskazini mwa Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 19, kama 26 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ukakuta kwamba nusu yao wamewahi kushika mimba. Asilimia 50. Hakuna kaunti nyingine iliyofika hapo.

Kinachoshtua zaidi ni kwamba nchi kwa jumla ilikuwa inashuka. Kiwango cha kitaifa kilitoka asilimia 18 hadi 15. Narok, iliyokuwa juu kuliko kaunti zote mwaka 2014 kwa asilimia 40, ilishuka hadi 28. Homa Bay ikatoka 33 hadi 23. Nyeri na Nyandarua zilikuwa na asilimia 5 tu. Lakini Samburu ikapanda karibu maradufu, Pokot Magharibi ikapanda kutoka 29 hadi 36, na Marsabit ilikutwa na asilimia 29.

Jibu lililowajia wengi haraka lilikuwa ukame. Na ukame ulikuwepo kweli, mkali kuliko watu wengi wa kaskazini walivyowahi kuuona. Lakini kusema ukame ulikuwepo ni jambo moja, na kuonyesha kwamba ukame ndio uliowabebesha wasichana hao mimba ni jambo jingine. Ninakiandika kisa hiki kwa sababu swali hilo lilikuwa na njia ya kujibiwa. Njia yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa 2025 kwa uamuzi uliofanywa Washington, na hakuna mtu wa Maralal, makao makuu ya Samburu, wala wa Nairobi aliyeulizwa.

Misimu mitano

Mvua za vuli za mwaka 2020 hazikunyesha vya kutosha. Masika ya 2021 yakakosa pia, vuli ya 2021 vilevile, masika ya 2022 hali kadhalika, na vuli ya 2022 ikafunga hesabu. Misimu mitano mfululizo. Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, na kabla haujaisha mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikuwa imekufa Kenya. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipouchunguza ukame huo katika Pembe ya Afrika, walihitimisha mwezi Aprili 2023 kwamba ongezeko la joto duniani liliufanya uwezekano wake kuwa mkubwa angalau mara 100, kwa sababu joto linakausha udongo na malisho hata pale ambapo matone kadhaa yameanguka.

Wadadisi wa KDHS walianza kazi katikati ya Februari 2022 na kumaliza Julai. Waliingia vijijini wakati msimu wa nne ukiwa unaharibika mbele ya macho ya watu. Haikupangwa hivyo. Ni bahati ya kalenda, lakini ni bahati ambayo mtafiti wa tabianchi hawezi kuinunua kwa fedha yoyote: utafiti mkubwa wa afya ya uzazi, kaunti zote 47, ukifanyika katikati ya ukame wenyewe.

Hata hivyo Samburu haikuwa na ukame peke yake. Nzige walivamia mwanzoni mwa 2020. Shule zilifungwa Machi mwaka huo kwa sababu ya Korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Mashambulizi ya wizi wa mifugo yaliwahamisha watu. Desturi ya kuvishwa shanga, ambapo moran, kijana wa rika la mashujaa, humpa msichana mdogo shanga na kupata ruhusa ya kulala naye bila ndoa, haikuanza na ukame na haitakwisha na mvua. Vivyo hivyo ukeketaji, ambao mara nyingi hufuatwa na kuozwa. Tena kipimo chenyewe kilibadilika kidogo, kwa kuwa hesabu ya 2022 inajumuisha mimba zilizoharibika, ambazo ile ya 2014 haikuzitaja. Tofauti hiyo ni ndogo, haiwezi kuipeleka kaunti kutoka 26 hadi 50, lakini mchambuzi mwaminifu lazima aiseme.

Kuna na udogo wa sampuli. Mwaka 2022 zilichaguliwa kaya 42,300 nchi nzima, yaani wastani wa 900 kwa kaunti. Waliohojiwa ni wanawake 32,156, ambao ukiwagawa kwa kaunti 47 unapata wastani wa chini ya 700 kwa kaunti, na wasichana wa miaka 15 hadi 19 ni sehemu tu ya hao. Asilimia 50 ya Samburu, basi, inaweza kuwa arobaini na kitu, au hamsini na kitu. Kwamba hali ni mbaya, sina shaka hata chembe. Kwamba imesababishwa na nini, kwa kiasi gani, namba hiyo moja haisemi.

Kalenda ya miezi

Mtu akisikia "utafiti wa kitaifa" anafikiria ripoti nene yenye majedwali. Thamani ya KDHS kwa mtafiti wa tabianchi haiko kwenye majedwali. Iko kwenye namna maswali yanavyoulizwa.

Mdadisi, ambaye kwa wanawake huwa mwanamke, anaketi na mhojiwa mahali ambapo hawasikiki. Anaanza na mtoto wa kwanza: jina, jinsia, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, yuko hai au hayuko. Kisha wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Mama asiyekumbuka mwezi anasaidiwa kwa matukio: ilikuwa kabla ya uchaguzi au baada, wakati wa mvua au wakati wa kiangazi. Halafu inakuja kalenda, safu ndefu ya vijisanduku, kimoja kwa kila mwezi, kurudi nyuma miaka mitano au zaidi. Mtoto akizaliwa mwezi wa nne, pale inaingia herufi B, na miezi ya ujauzito iliyotangulia inajazwa P. Mimba ikiharibika inaingia T. Mwezi ambao mwanamke alitumia sindano, vidonge au kipandikizi unapata alama ya njia hiyo, na mwezi ambao hakutumia chochote unapata sifuri.

Ukitazama kalenda kama hiyo ya mwanamke mmoja, unaona maisha yake ya uzazi mwezi kwa mwezi. Unaona alipoacha sindano. Unaona mimba iliingia miezi mingapi baadaye. Sasa chukua kumbukumbu za mvua zinazotengenezwa kwa setilaiti na vipimo vya ardhini, kama zile za CHIRPS zinazoanzia 1981 na kugawa ardhi katika vipande vya takribani kilomita 5 kwa 5, uzilaze juu ya kalenda hiyo. Unaweza kuuliza: mvua zilipokosa hapa, miezi mitatu baadaye nini kilitokea kwa wanawake wa hapa?

Kiungo kati ya kalenda na mvua ni GPS. Kila eneo dogo la sampuli, linaloitwa klasta, hupimwa mahali lilipo. Kabla data haijatolewa, alama hiyo husogezwa makusudi ili mtu asiweze kumtambua mhojiwa: hadi kilomita 2 mjini, hadi 5 kijijini, na katika klasta moja kati ya kila 100 za vijijini hadi 10. Siri ya mwanamke inalindwa, na mvua ya eneo lake bado inajulikana kwa karibu. Huu ni ufundi mzuri sana, na ulichukua miaka mingi kujengwa.

Mtafiti wa tabianchi hakulipia senti ya haya yote. KDHS ya 2022 iliendeshwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya, KNBS, pamoja na Wizara ya Afya. Fedha zilitoka serikalini, USAID (shirika la misaada la Marekani), Gates Foundation, Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Ufundi ulitoka kwenye mradi wa kimataifa wa DHS, ambao USAID iliuanzisha mwaka 1984 na ambao ulikuwa umefanya tafiti zaidi ya 400 katika nchi zaidi ya 90. Lengo lake lilikuwa upangaji uzazi, vifo vya watoto na baadaye VVU. Mabadiliko ya tabianchi hayakuwa kwenye mpango. Watafiti wa tabianchi walikuta mlango uko wazi, data ni ya bure kwa anayejiandikisha, wakaingia.

Mahari, ng'ombe na mvua

Walichokipata humo kinastahili kuelezwa kwa kituo.

Mwaka 2015 wachumi Marshall Burke, Erick Gong na Kelly Jones walitumia vipimo vya VVU vya watu zaidi ya 200,000 katika nchi 19 za Afrika, vilivyokusanywa na DHS, wakavilinganisha na mvua. Katika maeneo ya vijijini yenye maambukizi mengi, kila ukame mmoja wa miaka ya karibuni uliongeza kiwango cha VVU kwa asilimia 11. Maelezo yao ni ya kipato: mavuno yakikosekana, ngono inakuwa njia ya kupata chakula. Wengine wametumia data hizohizo kuonyesha kwamba ukame unaendana na wanawake wengi zaidi kupigwa na waume au wapenzi wao.

Kazi ninayoirudia mara kwa mara ni ya Lucia Corno, Nicole Hildebrandt na Alessandra Voena, iliyochapishwa mwaka 2020. Walichukua Afrika kusini mwa Sahara na India, wakauliza ukame unafanya nini kwa umri wa kuolewa. Afrika, mwaka wa ukame uliongeza uwezekano wa msichana wa miaka 12 hadi 17 kuolewa kwa asilimia 3. India, ukame uleule ulipunguza uwezekano huo kwa asilimia 4. Shida ni ileile, umaskini ni uleule, matokeo yanapingana. Sababu ni mwelekeo wa mali. Kwetu mahari inakwenda kwa wazazi wa binti, kwa hiyo baba aliyepoteza mavuno anamwoza binti mapema apate kitu. India mali inatoka kwa wazazi wa binti kwenda kwa upande wa mume, kwa hiyo baba aliyepoteza mavuno anaahirisha.

Nimewahi kuona utafiti huo ukitajwa kana kwamba unaeleza Samburu. Mimi nadhani hauielezi, au hauielezi moja kwa moja. Ukame walioupima waandishi hao ni ule unaopunguza mavuno ya mazao. Samburu mahari ni ng'ombe, na ukame wa kaskazini unaua ng'ombe wa pande zote mbili. Baba wa binti anahitaji mifugo zaidi, lakini anayetaka kuoa naye hana cha kutoa. Je, harusi zinaharakishwa kwa ng'ombe wachache na ahadi ya wengine baadaye? Au zinaahirishwa, na wasichana wanashika mimba bila ndoa? Je, wanaoathirika ni wale waliobaki karibu na mji wakingoja chakula cha msaada, wakati morani wamekwenda mbali na mifugo, au ni wale waliohama pamoja na mifugo na kuacha shule? Kila jibu linadai hatua tofauti kabisa. Kama ni ndoa za haraka, kazi iko kwa chifu, kwa wazee na kwa mkuu wa shule. Kama ni mimba nje ya ndoa mjini, kazi iko kwenye kliniki na kwenye usalama wa wasichana wanapokwenda kutafuta maji na chakula.

Swali lililoulizwa mwaka 2022, "umewahi kushika mimba?", halitofautishi hayo. Historia za uzazi za mwezi kwa mwezi zinaanza kuyatofautisha. Lakini kwa idadi ndogo ya wasichana wa kaunti moja, kinachohitajika ni utafiti mwingine baada ya ukame kwisha, wenye maswali yaleyale, ili tuone kama mstari unashuka mvua zikirudi. Mvua zilirudi mwaka 2023, na kufikia mwisho wa mwaka huo yalikuwa mafuriko. Kwa mtazamo wa sayansi, kilichobaki kilikuwa kungoja KDHS ijayo.

Februari 2025

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ikaguliwe. Mradi wa DHS ulisimamishwa Februari. Tovuti ikatoa tangazo fupi kwamba programu imesitishwa na kwamba maombi ya data hayatajibiwa. Tafiti zilizokuwa zikiendelea katika nchi zaidi ya 20 zikakwama, nyingine wadadisi wakiwa wameshafunzwa. Tarehe 10 Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Tarehe 1 Julai, USAID ilikoma rasmi kuendesha misaada ya nje.

Baadaye mwaka huohuo Gates Foundation ilitoa fedha za mpito ili baadhi ya tafiti zilizokuwa njiani zikamilike. Ni jambo la kushukuru. Lakini fedha za mpito, kama jina lake, hazibebi utafiti wa miaka arobaini.

Wakati huohuo mlango wa pili ulikuwa unafungwa. Mwezi Machi 2025, nyaraka za ndani zilizochapishwa na ProPublica, chombo cha habari cha Marekani, zilionyesha kwamba Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH, hazitafadhili tena tafiti mpya kuhusu athari za mabadiliko ya tabianchi kwa afya. Mwezi Mei taasisi hizo zikatangaza kwamba hazitatoa ruzuku mpya zenye mgao wa washirika wa nje hadi utaratibu mwingine uwekwe, jambo linalovigusa vyuo vya Nairobi, Eldoret na Kampala ambavyo mara nyingi hupokea fedha kupitia chuo cha Marekani. Uingereza nayo ilikuwa imetangaza tarehe 25 Februari kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027.

Mtu anaweza kuyasoma hayo na kumlaumu rais mmoja. Lawama hiyo ina haki yake. Mimi sitaki tuishie hapo, kwa sababu udhaifu ulikuwepo kabla yake.

Mifuko miwili isiyofahamiana

Fedha za tabianchi na fedha za afya ya uzazi hutoka ofisi tofauti, kwa lugha tofauti, na hupimwa kwa matokeo tofauti. Anayefadhili tabianchi anataka kuona mabwawa, mbegu zinazostahimili ukame, bima ya mifugo. Anayefadhili afya ya uzazi anataka kuona wateja wapya wa upangaji uzazi na akina mama waliojifungulia hospitalini. Swali la msichana wa Samburu aliyeshika mimba wakati wa ukame halina mwenyewe katika ofisi yoyote ya hizo mbili. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema mara kwa mara kwamba sekta ya afya hupata takribani asilimia 0.5 tu ya fedha za tabianchi zinazopitia taasisi za kimataifa, na afya ya uzazi ni kipande cha kipande hicho. UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, na chuo cha Queen Mary cha London walipopitia mipango ya kitaifa ya tabianchi ya nchi 119, walikuta inayotaja afya ya uzazi na haki zake ni 38.

Ndiyo maana watafiti walijibanza kwenye DHS. Haikuwa yao, lakini ilikuwa na kila kitu. Waswahili tulishaonywa kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na hapa tulikuwa tumeazima nguo nzima: dodoso, mafunzo, programu za kompyuta, hifadhi ya data, hata ruhusa ya kuzipakua takwimu za watu wetu wenyewe, ambayo iliombwa Marekani na kujibiwa kutoka Marekani. Mwanafunzi wa uzamili wa Nairobi aliyetaka data za Samburu kupitia njia hiyo alikuwa anaomba kwa kampuni ya ICF, iliyosimamia mradi kwa niaba ya USAID. Ilipofungwa, hakujibiwa.

Kenya ina sheria ya mwaka 2013 ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, inayosema kwamba Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti utengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Sisemi hili kwa kejeli kwa serikali, kwa kuwa najua deni la nchi linakula nini kwanza. Lakini ni lazima tuseme wazi kwamba swali la wasichana wa Samburu liliachwa mikononi mwa walipa kodi wa Marekani kwa sababu sisi hatukuwa tumelitengea kitu.

Vilivyobaki mezani

Wapo wanaosema DHS si chanzo pekee. Ni kweli, na ni vizuri kuvitazama vilivyobaki.

PMA, utafiti unaofadhiliwa na Gates Foundation na kuendeshwa Kenya na taasisi ya ICRHK yenye makao Mombasa, umekuwa ukiuliza juu ya upangaji uzazi mara nyingi zaidi kuliko KDHS. Umefanya kazi katika kaunti 11, zikiwemo Kilifi na Pokot Magharibi. Samburu, Marsabit na Turkana hazimo. UNICEF ina tafiti zake za kaya za MICS, nzuri sana kwa watoto, lakini si kila nchi inazifanya kwa wakati unaohitajika.

Kisha kuna takwimu za hospitali. Kila mwezi, zahanati hujumlisha daftari la kliniki ya wajawazito, MOH 405, na kuingiza hesabu kwenye fomu ya MOH 711, inayopanda hadi kwenye mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya. Fomu hiyo ina safu ya wasichana wa miaka 10 hadi 14 na 15 hadi 19 waliofika kliniki mara ya kwanza wakiwa wajawazito. Hapa tuna data ya kila mwezi, ya bure, ya kwetu. Lakini inawahesabu waliofika tu. Ukame ukihamisha watu, au zahanati ikifungwa kwa kukosa mhudumu, namba inashuka na mtu anaweza kudhani mimba zimepungua. Tumeona pia upotoshaji wa upande wa pili: Juni 2020 habari zilienea kwamba wasichana karibu 4,000 wa Machakos wameshika mimba katika miezi mitano kwa sababu ya kufungwa kwa shule. Hesabu ilikuwa imewaweka pamoja wa miaka 10 na wa miaka 19, na takwimu za miezi ileile ya mwaka uliotangulia hazikuwa chini. Bila utafiti wa kaya wa kusahihishia, daftari la kliniki linaweza kusomwa vyovyote mtu apendavyo.

Chanzo kinachonipa matumaini kuliko vyote hakimo kabisa kwenye mazungumzo ya afya ya uzazi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila moja ya kaunti 23 kame na nusu kame. Watu wake huzungukia kaya zilezile. Wanauliza maji yako umbali gani, mbuzi mmoja anapata mahindi kiasi gani sokoni, maziwa yametoka kiasi gani. Wanatazama unene wa mifugo na kuipima mikono ya watoto walio chini ya miaka mitano kujua utapiamlo. Ni mfumo wa kwetu, unaofanya kazi ukame ukiwepo na usipokuwepo. Kila mwezi tunajua mbuzi wa Samburu amekonda kiasi gani. Juu ya dada wa yule mtoto aliyepimwa mkono, mwenye miaka 15, aliyeacha shule mwezi uliopita, taarifa haisemi kitu.

Pendekezo langu si kwamba mdadisi wa NDMA aanze kuuliza wasichana habari za mimba. Huyo ni mtu wa palepale, anajulikana na majirani, na swali kama hilo likiulizwa vibaya linaweza kumletea msichana kipigo au kuozwa upesi ili aibu ifichwe. Yapo maswali yasiyomweka mtu hatarini. Je, kuna msichana wa kaya hii aliyekuwa shuleni muhula uliopita na sasa hayuko? Zahanati iliyo karibu ilikuwa wazi siku ngapi mwezi huu, na ilikuwa na sindano na vipandikizi? Kaya ilihama? Maswali matatu, kila mwezi, kwenye kaya ambazo tayari zinatembelewa. Marsabit, kwa mujibu wa KDHS 2022, ni asilimia 6 tu ya wanawake walioolewa waliotumia njia ya kisasa ya upangaji uzazi, wakati Embu walifika 75. Mahali penye asilimia 6, mwezi mmoja wa zahanati iliyofungwa si jambo dogo, na leo hakuna anayeuandika mwezi huo sambamba na ukame.

Hayo hayaondoi haja ya KDHS. Kutoka 2014 hadi 2022 ilipita miaka minane, na tukihesabu miaka mitano ya kawaida, nyingine inapaswa kuwa vijijini mwaka 2027. KNBS ina watu waliofanya utafiti wa 2022 na wanaujua kwa ndani. Wanachohitaji ni fungu katika bajeti ya taifa, lenye jina, lisilosubiri mfadhili, na mchango wa kaunti zenyewe kuongeza sampuli pale ambapo swali ni zito. Samburu ikiongezewa klasta, kalenda ya miezi ikaulizwa kwa kila msichana wa umri huo anayehojiwa, na likaongezwa swali moja kuhusu miezi aliyokaa mbali na nyumbani, tutaweza kutenganisha ng'ombe waliokufa na shule zilizofungwa. Data zikahifadhiwa Nairobi, na ruhusa ikatolewa Nairobi.

Madodoso huandaliwa zaidi ya mwaka mmoja kabla mdadisi hajafika kijijini. Hesabu hiyo inaanza kutubana sasa.